Seva ya kuprinti: ya ndani ama ya nje?

mchapaji_mld: Wadau habari zenu, hapa Malindi tunabadilisha mashini tuchukue Xerox Versant, sasa muuzaji auliza twataka Fiery (seva, yaani kompyuta ya kuandaa mafaili ya kuprinti) ya ndani ya mashini ama ya nje, kazi zetu ni menyu za mahoteli, brosha za watalii na kadi za harusi, na bei zimeachana sana, nifanye vipi jamani?

fundi_rangi: Ndugu yangu usianze na bei, anza na mafaili. PDF za kawaida ya ndani yatosha kabisa. Lakini ukipewa kadi 500 kila moja na jina la mgeni wake na mapicha makubwa, seva ndogo itachelewa kuripu (kugeuza faili liwe nukta za kuprinti) na mashini ikae bure yangojea, ya nje ina prosesa na memori kubwa, yaripu kazi moja huku nyingine yatoka.

pwani_print: Na uliza leseni!! Impose ya kupanga kurasa mara nyingi hulipiwa kando. Kifaa cha kupima rangi pia kiwe kwa kotesheni, bila kalibresheni (kusawazisha rangi za mashini) nembo ya hoteli leo yatoka hivi kesho vile. UPS ya betri usisahau, stima zetu mwazijua.

mchapaji_mld: Shukran sana, kadi za harusi ndio nyingi kwetu, basi tachukua ya nje