Tumelipa ili tufunguliwe data zetu wenyewe, halafu tunaambiwa programu huria ndizo si za kuaminika

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ninasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo chenye wanachama wasiozidi elfu mbili. Mwezi Januari, wiki ile ile ambayo wazazi huja kuchukua fedha za ada, umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo na kuunguza bodi kuu ya seva. Diski zilisalimika. Nakala rudufu ya saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia nilikuwa nayo, kwa sababu huichukua kila siku kwa mkono wangu. Kufikia saa tano asubuhi nilikuwa nimepata mashine nyingine, nikazifunga diski, nikawasha, na programu ya kutunzia hesabu za wanachama ikaniandikia kwamba leseni yake si halali kwenye mashine hiyo.

Leseni ilikuwa imefungwa kwenye namba ya utambulisho ya bodi iliyoungua. Nilipojaribu kuifungua nakala rudufu kwa njia nyingine, nilikuta ni faili lililosimbwa, ambalo hakuna programu inayoweza kulisoma isipokuwa ile ile ya mzabuni aliyetuuzia. Alipopigiwa simu alitaka ada ya kuhamisha leseni, shilingi milioni nne na laki mbili, ilipwe kwanza. Kwa siku tisa makarani walihudumia watu kwa kauntabuku na kalamu. Mama mmoja alisimama dirishani na kitabu chake cha akiba, salio limeandikwa humo kwa wino, akauliza inakuwaje yeye ajue ana shilingi ngapi na sisi tunaomtunzia tusijue. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba miaka mitatu iliyopita niliandika dokezo nikipendekeza seva iendeshwe kwa Debian, mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Linux, hifadhidata iwe PostgreSQL, ambayo yaliyomo hutolewa kama maandishi ya kawaida yanayosomeka popote, na hesabu ziwe kwenye Apache Fineract, programu huria, yaani ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili, iliyotengenezwa mahsusi kwa taasisi ndogo za fedha. Jibu la kikao lilikuwa maneno matatu: rahisi huvunja upishi. Madai kwamba programu za namna hiyo haziaminiki si ya kweli. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizomo kwenye orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux, na takwimu za hospitali na zahanati za Tanzania na Kenya hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo.

Najua wapo watakaosema tatizo ni mzabuni mmoja asiye na utu, wala si aina ya programu. Sikubali. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, inayotengeneza programu za kuigawa seva moja itumike kama nyingi, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha kuuza leseni za kudumu, ikabaki kuuza za kulipia kila kipindi. Upande wa programu huria nao una doa lake: Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, toleo la Linux la bure ambalo watu walitarajia ihudumiwe hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021, na waliokasirika walikuwa na haki. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, kabla mwaka 2021 haujaisha mbadala wake, AlmaLinux na Rocky Linux, zilikwisha kutoka, zikiwa na zana za kuihamisha seva bila kuisimika upya. Aliyenunua msimbo uliofungwa hana mlango huo. Akifungiwa, humsubiri mwenye ufunguo.

Wala sisemi kwamba programu huria haina gharama. Inahitaji mtu anayeijua Linux, na mtu huyo alipwe. Lakini Windows Server, mfumo wa seva wa Microsoft, nayo hulipiwa kwa kuhesabu viini vya prosesa, visivyopungua 16 kwa kila seva, kisha kuna leseni nyingine ya kila mtumiaji au kila kifaa, na bado mtu wa kuisimamia anahitajika pale pale.

Alhamisi kamati inakaa kumwongezea mzabuni yule yule miaka mitatu. Nimeisoma rasimu ya mkataba yote, kurasa kumi na moja, na hakuna kifungu hata kimoja kinachosema kwamba data ni mali ya wanachama, wala kwamba atatukabidhi zikiwa katika hali inayosomeka na programu nyingine. Sitaki kuingia kikaoni na maneno matupu. Aliyewahi kukipitisha kifungu cha namna hiyo, au aliyewahi kuzitoa hesabu za chama kwenye programu iliyofungwa na kuzihamishia Fineract, aniwekee hapa maneno yaliyotumika na hatua alizopitia, kabla ya Jumatano jioni.