Tupeane uzoefu: kuwasha diya (vitaa vya mafuta) nyumbani, wewe unafanyaje?

Mleta uzi, Upanga:
Wakuu, nimehamia kwangu na Diwali hii, sikukuu yetu Wahindu ya taa, itanikuta bila mama. Taa ya jioni hainisumbui, utambi mmoja wa pamba kwenye samli mbele ya mungu wetu Lakshmi, basi. Shida ni zile diya za udongo za barazani. Jana nimejaribu kumi. Kufika saa mbili usiku mafuta yote yamenywewa na udongo, sakafu inateleza kama gereji. Wenzangu mnafanyaje?

Mdau, Mombasa:
Hukuziloweka, ndugu yangu. Zitie kwenye ndoo ya maji asubuhi, mchana zitoe zikauke juu juu, ndipo utie mafuta. Udongo ulioshiba maji haunywi mafuta. Na utambi usokote kwa viganja, uloe samli wote, hata ile ncha. Kwetu tuligombana kila mwaka nani asokote, maana vidole vilinuka samli mpaka darasani.

Mdau, Tanga:
Mimi Mwislamu, nimekulia chumba cha uani kwa Mabaniani. Siku moja nimetumwa nikaondoe taa, nikaipuliza puu! Mama mwenye nyumba akanishika mkono. Hakunigombeza, ila alinieleza kuwa moto ule haupulizwi kwa mdomo, huachwa uishe wenyewe. Lakini kilichonitisha kweli ni karafumaiti. Kwetu harufu ile ni ya maiti aliyekwisha oshwa. Wao wanaiwasha kwenye sahani ya aarti, ibada yao ya moto, inazungushwa mbele ya mungu wao, kengele inalia, halafu watoto wanapitisha viganja juu ya moto na kujipangusa usoni, wanacheka. Wiki ya kwanza nilikuwa nakimbilia nje.

Mdau, Leicester, Uingereza:
Huku kengele ya moshi ndiyo adui. Ililia katikati ya aarti, tukaimba hivyo hivyo mpaka mwisho, baba mkwe kapanda kiti anapepea taulo. Sasa dirisha wazi, baridi isibaridi. Shemeji yangu ana diya za betri. Simsemi, ila ukipitisha kiganja juu ya plastiki unapata nini?

Mleta uzi, Upanga:
Nimeloweka tangu asubuhi. Moja imepasuka ndooni. Tisa zinawaka, na sasa ni saa nne kasoro.