Gmail imefungwa, namba na imeili ya urejeshaji ni za zamani: nianzie wapi?

Kokoto:
Habari wakuu. Nimesahau nenosiri la Gmail. Namba niliyosajili kwa ajili ya urejeshaji ni ya laini ambayo sinayo tena, na imeili ya urejeshaji ni ya kazi ya zamani. Kila nikijaribu, naletewa ujumbe kwamba Google haikuweza kuthibitisha kuwa akaunti ni yangu. Uthibitishaji wa hatua mbili (ule wa kudaiwa kitu cha pili juu ya nenosiri, kama msimbo) sikuuwasha. Ninayo simu ya zamani ya Android, kioo kimepasuka lakini inawaka, na Gmail imo ndani. Kuna aliyenishauri niifomati nianze upya. Je, ni sawa? Nijaribu tena mara ngapi? Na kuna namba ya kupiga nikahudumiwa na mtu?

Bawabu:
Mkuu, usiifomati hiyo simu! Kwa sasa ndiyo ushahidi wako mkubwa kuliko vyote. Ukiifuta, akaunti inatoka humo na huwezi kuirudisha bila nenosiri. Tena ukiifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, ikiwaka inaweza kukudai uingie kwa akaunti ileile uliyofungiwa, halafu utakuwa umekosa akaunti na simu pia.

Ichaji, iunganishe na waifai uliyozoea kuitumia, ufungue Gmail. Kama barua mpya zinaingia, akaunti bado iko hai humo. Usibonyeze popote panaposema ondoka au ondoa akaunti.

Kabla ya jambo lolote, fungua Chrome kwenye simu hiyo, nenda Mipangilio, kisha sehemu ya manenosiri, utafute accounts.google.com. Mara nyingi nenosiri limehifadhiwa hapo na mwenyewe amesahau. Litafunguka kwa namba ya siri au mchoro wa kufungulia simu. Angalia pia kivinjari cha kompyuta unayotumia kila siku.

Usipolikuta, kaa kwenye kompyuta hiyo, simu ikiwa pembeni, fungua g.co/recover na uandike anwani yako. Ukiulizwa kitu usichonacho, bonyeza "Jaribu njia nyingine" mpaka ufikie chaguo la kutuma taarifa kwenye simu. Simu itauliza kama ni wewe unayejaribu kuingia. Wakati mwingine kompyuta inaonyesha namba, na kwenye simu unachagua inayofanana nayo. Taarifa isipotokea, fungua programu ya Gmail kwenye simu, mara nyingi itajitokeza hapo. Kinachoizuia kwa kawaida ni intaneti kukatika au arifa kuzimwa.

Nyambizi:
Naongezea kuhusu kwa nini inakukatalia. Mfumo hauangalii majibu yako peke yake. Unaangalia pia unatumia kifaa gani, kivinjari gani na uko wapi. Mtu akijaribu leo kwa simu ya rafiki, kesho kwa kompyuta ya kukodi, keshokutwa akiwa amewasha VPN (programu inayoficha mahali ulipo), anaonekana kama mwizi hata akijibu kweli tupu. Kwa hiyo chagua kifaa kimoja ulichowahi kuingilia kwenye akaunti hiyo, kivinjari kilekile, mahali palepale ulipozoea. Zima VPN, usitumie dirisha la faragha, na usisafishe historia wala vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) kabla ya kujaribu.

Ukiulizwa nenosiri la mwisho unalolikumbuka, andika hata kama ni la zamani. Jibu linalokaribia ni bora kuliko kuruka swali. Ukiombwa anwani ya imeili wanayoweza kukupata, weka ambayo unaweza kuifungua sasa hivi. Jibu likija, linaweza kuangukia kwenye barua taka, kwa hiyo kagua na huko.

Kuhusu kurudia: ukiambiwa umejaribu mara nyingi mno, acha kabisa hadi siku inayofuata. Kubonyeza mfululizo kunarefusha muda wa kufungiwa. Na kama umeomba misimbo kadhaa kwa mkupuo, tumia wa mwisho tu. Watu wengi huandika wa kwanza kufika, ukakataliwa, wakadhani mfumo umeharibika.

Hakuna namba ya simu ya Google ya kurejeshewa akaunti ya kawaida. Atakayekufuata akidai anaweza kuifungua kwa malipo, au akuombe msimbo uliotumiwa, ni tapeli.

Mzawa_wa_Mtandao:
Wenzangu wameeleza vizuri, ila namba ya zamani msiitupe haraka. Kama laini ilisajiliwa kwa jina lako na namba haijapewa mtu mwingine, kampuni ya simu inaweza kukutolea laini mpya yenye namba ileile. Nenda na kitambulisho ulichosajilia. Hiyo inaweza kuwa njia fupi kuliko zote. Lakini ikiwa namba imeshagawiwa upya, usibonyeze kutuma msimbo huko: utamfikia mtu usiyemjua.

Imeili ya kazi nayo ifuatilie. Mwombe msimamizi wa mfumo wa pale afungue kisanduku hicho kwa muda mfupi, au aelekeze barua zake kwenye anwani yako nyingine. Maana yake ni kwamba wakati mwingine unaanza kurejesha kile cha kurejeshea. Kwa wasomaji ambao imeili yao ya akiba ni ya Outlook au Hotmail, Microsoft wana fomu yao, account.live.com/acsr. Inataka vitu kama manenosiri ya zamani na vichwa vya barua ulizotuma karibuni, na unaweza kuituma mara 2 kwa siku. Haifanyi kazi kama akaunti ilikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili.

Usikae miezi ukisita. Google wanaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

Ukishaingia, badilisha namba na imeili ya urejeshaji siku hiyohiyo. Usishtuke ukiona namba ya zamani bado inapendekezwa kupokea misimbo: Google wanaweza kuendelea hivyo kwa siku 7 baada ya mabadiliko. Kisha washa hatua mbili na uchukue misimbo ya akiba, ya kuingilia siku simu haipo. Inatoka 10, kila mmoja unatumika mara moja, na ukitengeneza mipya ile ya zamani inakufa. Ichapishe au uiandike kwenye karatasi. Ukiiweka ndani ya Gmail hiyohiyo, siku ukifungiwa haitakufaa kitu.

Kokoto:
Asanteni sana. Chrome haina nenosiri hilo. Taarifa imekuja kwenye simu ya zamani, lakini upande wa kulia wa kioo haugusiki, na kitufe cha Ndiyo kiko upande huohuo. Nilipokuwa nahangaika, ikapotea.

Bawabu:
Hapo umeshafika karibu kabisa. Jaribu kwanza kuigeuza simu ilale ubavu, kwa kuwa kwenye baadhi ya simu vitufe vinahamia sehemu inayogusika. Isipokubali, tumia kipanya cha kompyuta. Simu nyingi za Android zinakipokea kwa adapta ya OTG, kile kiunganishi kidogo cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Angalia tundu la kuchajia kwanza: la mviringo pande zote mbili ni la Type-C, lenye upande mmoja mwembamba ni la Micro-USB, na adapta zake hazifanani. Ukichomeka, mshale unajitokeza kwenye skrini na unabonyeza nao kama kawaida.

Kichomeke na uhakikishe mshale unatembea kabla hujaomba taarifa nyingine, kwa sababu taarifa hizo hazikai muda mrefu. Na kwa kuwa umeshajaribu leo, ukiona onyo la majaribio mengi, iache simu kwenye chaji na waifai mpaka kesho.