GTX 1650 isiyo na feni kwa ajili ya gemu: wauzaji wa Kariakoo acheni kutupiga changa la macho

Wakuu habari za humu. Leo nina hasira, nivumilieni.

Kuna duka Kariakoo, jina naliacha kwanza, limeniuzia kadi ya picha ya kompyuta (graphics card), GTX 1650, isiyo na feni hata moja. Ni mbavu za aluminiamu na mirija ya shaba tu. Muuzaji kwa mbwembwe: "Kaka hii haina kelele, gemu inapiga zote, na feni haiwezi kufa maana haipo!"

Nikaifunga, nikafungua GTA V. Mwanzo raha tupu. Gemu ilipokolea, nyuzi 70, 80, 90, kadi ikaanza kujipunguza kasi yenyewe isiungue. Kadi hii imepangiwa kasi ya megahezi 1485 za msingi na 1665 ikipanda. Yangu ikishashika moto hata hizo za msingi haifikishi. Gari linakwenda kwa kurukaruka kama CD yenye mikwaruzo.

Nimerudi dukani naambiwa eti "mbona kwenye mitandao wameipima ikaishia nyuzi 80?" Wameipima wapi? Ulaya huko, chumba kina nyuzi 22, kompyuta imelazwa mezani bila hata kesi, yaani boksi lake! Kadi inakula mpaka wati 75 na zote zinageuka joto, na bila feni joto hilo linategemea hewa inayoizunguka. Kama kwao ilizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 58, chukua chumba changu Mbagala mwezi wa pili, nyuzi 32, ujumlishe mwenyewe. Hapo sijagusa hewa ya ndani ya kesi, ambako prosesa nayo inatema moto wake.

Halafu kesi ikisimama, kadi inalala, chipu na mbavu vinatazama chini. Hewa ya moto ikitaka kupanda inagonga ubao wa kadi yenyewe. Aliyechora hivi alifikiria nini sijui.

Ushauri wa duka: "ongeza feni ya kesi." Nikafunga feni ya milimita 120 chini yake na kweli joto likashuka, gemu ikatulia. Sasa jamani, nimelipia kutokuwa na feni, halafu ninunue feni? GTX 1650 ya feni mbili ilikuwa rafu ileile, bei ya chini! Na kadi nyingi za feni siku hizi zinazizima zenyewe ukiwa unaandika au unaangalia muvi, kimya kilekile. Tena huku kwetu na bodaboda na spika za baa ya jirani, nani atasikia feni ya kadi?

Kwa kompyuta ya muvi sebuleni au ya studio ya kurekodia sina neno, GT 1030 ya wati 30 bila feni inatosha kabisa. Ila usimwambie mtu wa gemu ni ya gemu.

Nimeomba wanibadilishie, niko tayari hata kuongeza hela. Wamenionyesha risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Waranti nayo haihusiki kwa sababu eti kadi haijafa, inawaka!

Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii FCC (Tume ya Ushindani)? Walimsikiliza? Na kama kuna mtu wa Dar ana 1650 ya feni na anatafuta ya kimya kwa muvi, aje PM tubadilishane.