Naomba ushauri: mtandao wa ndani wa kampuni, tuanzie wapi?

Habari zenu wakuu. Kampuni yetu ya kutoa mizigo bandarini ipo Dar, ina tawi Tunduma. Fomu na taratibu zote za kazi zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Karani wa Tunduma akitafuta fomu mpya ya likizo anapandisha meseji hadi anachoka, mwishowe anajaza ya zamani. Bosi anataka mtandao wa ndani (intraneti), yaani tovuti ya wafanyakazi tu yenye fomu na taratibu zote. Kifurushi chetu cha Microsoft 365 kina SharePoint (ya kutengeneza tovuti ya ndani na kuweka mafaili), ila fundi anapendekeza Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili, kwenye seva yetu wenyewe. Mimi naona tuanze na idara ya utumishi kwanza.

Kinachoniumiza kichwa ni madereva: hawana kompyuta, wana simu tu, na bando wananunua wenyewe. Mliowahi kufanya hili, mliwafikiaje? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana vipi tukiweka humo mafaili ya wafanyakazi?