Uswisi na watoto: barua ya ridhaa ya baba

Mama Zuhura, Leicester
Assalaam alaykum wana Kigoma. Julai mimi na dada tunapeleka watoto Grindelwald, siku sita za milimani. Jana kituo cha viza kimerudisha fomu ya mdogo (miaka 9): barua ya ridhaa ya baba "haijathibitishwa". Baba yupo Ujiji, pasipoti hana, ana kitambulisho cha taifa cha NIDA tu. Asaini kwa wakili hapo Mwanga, Kigoma mjini, au mpaka ubalozini Dar? Cheti cha kuzaliwa cha RITA kipo.

Mtoto wa Katubuka, Zürich
Waalaykum salaam dada. Angalia tarehe kwanza: maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na miezi mitatu ya uhai baada ya kutoka Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja, Uswisi ikiwemo). Ada euro 90, huyo wa miaka 9 ni 45. Bima isipungue euro 30,000, na usome yale maandishi madogo, maana nyingine hazilipi helikopta ya uokoaji.

Da Mwajuma, Oslo
Ukiwa na mume Mwingereza hulipi ada.

Mtoto wa Katubuka, Zürich
Siyo. Msamaha huo ni wa familia za raia wa Umoja wa Ulaya. Uingereza ilishatoka! Tusipotezane.

Mzee wa Gungu, München
Karatasi zitapatikana, mlima ndio hauna rufaa. Vibao vya njano tupu ni njia rahisi. Vyenye mstari mwekundu kati ya nyeupe mbili vinataka buti zenye meno. Raba za shule zitateleza kwenye changarawe wakati wa kushuka, na kushuka ndiko kunakoangusha watu. Bluu kati ya nyeupe, geuzeni na watoto. Saa zilizoandikwa kwenye kibao hazina mapumziko ndani yake: saa 2 kwa mtoto fanyeni 3. Ondokeni asubuhi mapema, radi za kiangazi hupenda alasiri. Kila mita 1,000 mnazopanda baridi huongezeka kama nyuzi 6, na fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, kwa hiyo sufu au nailoni. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali, wale si wa kuswagwa kwa fimbo kama wa Kasulu. Helikopta ya uokoaji ni simu namba 1414. Simu ikizima, filimbi: mara sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia.

Da Mwajuma, Oslo
Shikamoo mzee. Hela yote hiyo si bora hifadhi ya Mahale kwetu Kigoma? Mlima Nkungwe ni mita 2,462, na ukishuka unaoga ziwani.

Mzee wa Gungu, München
Marahaba. Kwenda kuona sokwe pale umri ni kuanzia 12, hifadhi ya Gombe ni 15. Wa miaka 9 ataachwa kambini. Na mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza analipa kiingilio cha mgeni, mjukuu wa Ujiji kabisa!

Da Mwajuma, Oslo
Ndiyo maana tunalilia uraia pacha. Akifika 18 anaambiwa achague mama au baba.

Mama Zuhura, Leicester
Shukrani, buti tumeelewa. Sasa barua: wakili au ubalozini?

Mtoto wa Katubuka, Zürich
Nani anatoka Kigoma mwezi huu? Mawese lita mbili tu, na migebuka mikavu kama begi lina nafasi.