Mbio za viunzi Cheltenham: kumweka anayetarajiwa, dau la pande mbili, au kumfuata mkufunzi?

Kijana wa Reading
Wakuu, habari zenu. Mikeka ya mpira naijua, lakini huku Uingereza Machi ikifika kazini kote ni Cheltenham tu, lile tamasha la mbio za farasi, na nataka kuzielewa mbio za viunzi, zile farasi anaruka vizuizi, kabla sijatoa hela. Naona watu wana njia tatu. Ya kwanza, kumweka farasi anayetarajiwa zaidi, ashinde tu. Ya pili, kutafuta wa bei kubwa, yaani anayelipa sana akishinda, na kuligawa dau pande mbili: nusu ashinde, nusu amalize nafasi za juu. Ya tatu, kumfuata mkufunzi, mfano kila farasi wa Willie Mullins. Ipi bora?

Mzee wa Gloucester
Karibu, kijana. Njia ya kwanza ni ya hatari zaidi huku kuliko kwenye mbio za tambarare zisizo na vizuizi, kwa sababu farasi awe na kasi kiasi gani, lazima aruke. Mbio fupi kabisa za viunzi ni maili 2, viunzi visivyopungua 8, kila kimoja kama mita 1.07 kwenda juu.

Chukua Champion Hurdle, mbio kubwa ya viunzi ya Cheltenham, ya 2025. Farasi 7 tu. Constitution Hill, bingwa wa 2023, ndiye aliyebeba hela za watu. Akaanguka kiunzi cha tano. State Man, bingwa wa 2024, akawa anaongoza vizuri, akaanguka kiunzi cha mwisho kabisa. Golden Ace akapita na kushinda kwa 25 kwa 1, yaani kila pauni 1 inaleta faida ya pauni 25. Na mwaka 2019 Buveur d'Air, aliyeshinda 2017 na 2018, alianguka kiunzi cha tatu, Espoir d'Allen akachukua kwa 16 kwa 1. Kwa hiyo bei ndogo ya farasi mkubwa hainivutii hata kidogo pale ambapo kuruka ndiko kunakoamua.

Binti Tanga
Shikamoo mzee. La kuanguka nakubali, ila tusiifanye njia ya pili iwe dawa ya kila mbio. Tupige hesabu. Mbio za farasi 5 hadi 7 kwa kawaida zinalipa nafasi mbili tu, na ile nusu ya dau ya nafasi hulipwa kwa robo ya bei. Ukiweka pauni 20 zote Golden Ace ashinde, unapokea 520. Ukigawa 10 kwa 10, unapokea 332.50, na angekuwa wa pili ungepokea 72.50. Hapo kugawa kuna maana. Sasa chukua farasi wa 4 kwa 1 kwenye mbio hizohizo: akiwa wa pili unarudishiwa 20 zako bila faida yoyote. Umebeba hatari kwa ajili ya kurudi ulipoanzia.

Mahali pake hasa ni zile mbio ambazo farasi hupangiwa uzito, aliye bora akabebeshwa zaidi ili wote wakaribiane. Mfano ni County Hurdle, yenye farasi zaidi ya 20. Kuanzia farasi 16, mbio za aina hiyo hulipa nafasi nne kwa robo ya bei, na wiki ya Cheltenham kampuni nyingine huongeza nafasi. Weka pauni 5 kwa 5 kwa farasi wa 20 kwa 1. Akimaliza wa tatu unapokea 30 kwa dau la 10.

Mzee wa Gloucester
Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, hesabu hiyo naikubali.

Msafiri254
Mimi nimezoea mbio za Ngong, Nairobi, kule ni za tambarare, unatazama kasi na joki, yaani mpanda farasi. Kuhusu njia ya tatu: si Mullins ndiye aliyefikisha washindi 100 wa Cheltenham mwaka 2024? Kwa nini nisimfuate tu?

Binti Tanga
Kaka, kila mtu anajua hilo, na ndiyo maana bei za farasi wake zimeshabanwa. Halafu mara nyingi huingiza farasi kadhaa mbio moja. Ukitaka kumfuata, angalia joki wake mkuu, Paul Townend, kachagua kumpanda yupi.

Lakini usiwaunganishe wote mkeka mmoja! Siku ya kwanza ya Cheltenham 2015, Douvan alishinda, Un De Sceaux akashinda, Faugheen akashinda, wote wa Mullins na wote juu yao joki Ruby Walsh. Ikabaki Annie Power kwenye mbio za viunzi za farasi majike. Alikuwa mbele, akafika kiunzi cha mwisho, akaanguka. Mikeka isiyohesabika ilichanika pale, na kampuni za kubeti zikanusurika hasara kubwa sana. Aliyeshinda alikuwa Glens Melody, naye wa Mullins huyohuyo.

Mzee wa Gloucester
Niongeze kitu ambacho hakimo kwenye zile njia tatu. Majike hupunguziwa ratili 7, zaidi kidogo ya kilo 3, wanaposhindana na madume. Champion Hurdle kuanzia 2016 hadi 2025 majike wameshinda mara tano: Annie Power 2016, Epatante 2020, Honeysuckle 2021 na 2022, Golden Ace 2025. Nikimwona jike mwenye uwezo ana bei nzuri, naanza naye.

Kijana wa Reading
Ahsanteni sana. Na zile herufi kwenye rekodi ya farasi, naanzia wapi?

Mzee wa Gloucester
F ni ameanguka, U ni joki amedondoka, P ni amesimamishwa kabla ya mwisho. F moja ya zamani isikutishe. F mbili karibukaribu, mwache. Kisha tafuta alishinda juu ya ardhi gani. Mvua ikinyesha usiku, farasi wa ardhi kavu atachoka kwenye ule mlima wa kumalizia Cheltenham, kwa hiyo subiri asubuhi ya mbio watangaze hali ya uwanja ndipo uweke dau. Kama ni maili 3, tafuta mwenye pumzi aliyethibitisha umbali huo; farasi Big Buck's alishinda mbio kubwa ya viunzi ya maili 3 ya Cheltenham miaka minne mfululizo, 2009 hadi 2012.

Kijana wa Reading
Basi: mbio za farasi wachache naangalia kuruka kwanza, na kama anayetarajiwa ana bei ndogo simgusi. Zile za farasi 16 na kuendelea nagawa dau. Mkeka wa kuunganisha nauacha kwenye mpira.